Usichoke

Nyumba kumi na moja na msikiti wa mabati,
basi, ndicho kijiji.
Ukitoka Kibigori, ukavuka reli yenye kutu,
ukaacha mashamba ya miwa upande wa mto,
utaambiwa: pale, kwa Wapatani.
Ukifika utamtafuta Mpatani umkose.
Utamkuta Sherdil Omolo akikamua ng'ombe,
na Zarmina dadake, mweusi kama mimi,
macho tu ndiyo yaliyokataa kusahau,
ya kijivu, kama Nyando alfajiri.

Babu wa babu yetu alikuja na reli.
Alilinda ghala la mataruma, bunduki begani;
reli ikaenda zake ziwani, yeye akabaki,
akamwoa Awuor kwa ng'ombe saba wa mkopo.
Kwao ilikuwa milima mikavu, mawe juu ya mawe;
huku akapewa udongo mweusi unaomeza viatu.
Lugha yake tumeitumia ikaisha, kama sabuni,
kimebaki kipande chembamba mkononi:
*Starai mashe*, tunasema tukipishana. Usichoke.
*Khwar mashe*, hujibiwa. Nawe usidhalilike.
Hata watoto wa majirani, Wajaluo kwa Wanandi,
hutusalimu hivyo wakipita na mikebe ya maziwa,
wakidhani ni Kiswahili cha msikitini.

Tanuri letu ni moja, nyuma ya hujra,
chumba cha wageni kisichojua kufuli.
Bibi Gulbibi ndiye ahesabuye madonge ya unga.
Watu hahesabu; kuhesabu watu, asema, ni kuyaonyesha mauti njia.
Huhesabu madonge: manne ya Sherdil, sita ya mjane,
matatu ya Mirza Odhiambo na mamake.

Halafu ule mfereji.
Sherdil alisema maji yanapita kwake.
Mirza akasema yalipita kwao
kabla Sherdil hajajua kufunga kamba za viatu.
Jembe likainuka. Halikushuka; yalishuka maneno.
Wazee wakakaa hujrani siku tatu,
majani yakaisha, sukari ikaisha, nchi ya miwa hii!
wakatoka kila mmoja na njia yake.
Miezi saba Mirza hakuja kuchukua mkate.
Miezi saba Bibi alikanda madonge yake matatu,
akayaoka, akayapanga dirishani.
Kuku wa kijiji kizima wakanenepa.
Nikamuuliza: Bibi, si uache?
Akanitazama kana kwamba nimemwaga chumvi.

Aprili, Nyando ukaja wenyewe majumbani,
usiku, bila hodi.
Tukabeba magodoro, mbuzi, gunia la unga, Kurani ndani ya sufuria,
tukapanda hujrani, ndiko kwenye mwinuko.
Nikamulika tochi mlangoni:
Mirza, matope hadi kifuani, mamake mgongoni
kamkaba shingo kama mtoto anayepelekwa shule kwa nguvu.
Akasimama. Ikasema mvua peke yake.
Sherdil ndiye aliyekuwa karibu na mlango.
*Starai mashe*, akasema Mirza, sauti imelowa.
Sote tukautazama ukuta.
Sherdil akajivua blanketi,
akamfunika kwanza mama mtu,
akamkausha mvi kwa ncha ya shuka, polepole,
polepole mno,
ndipo akajibu, karibu nisisikie.

Msamaha sikuusikia, hadi leo.
Mfereji wenyewe mto uliufuta,
hakuna ajuaye ulipita wapi.

Asubuhi tanuri lilikuwa kisima.
Bibi akatega karai juu ya mafiga, akaita unga.
Uwanjani watu tele: wakata miwa, wa stesheni,
akina Lagat na ndama wao mwenye kuhara.
Akaanza: manne ya Sherdil, sita ya mjane...
alipofika kwa Mirza akasita,
akainua macho, akauona umati,
akaupiga ule unga wote ngumi moja.
"Kateni wenyewe. Mikono yangu imechoka."

Na sauti ishirini, thelathini, kila moja na lafudhi yake,
zikamjibu kwa pamoja, kama zilizofunzwa:
*Starai mashe!*
Akacheka, akasahau karai.
Mkate uliungua. Tukaula.